Jina Langu Katika Simu ya Mtu Nisiyemjua

Mtu wa kwanza kunipigia alikuwa mama mdogo wangu aliyeko Mkoani, hapa Pemba, na hakupiga kunilaumu. Alitaka kujua kama mama ameshavushwa Unguja, na kama zile shilingi 50,000 alizozituma alfajiri zimefika. Mama wakati huo alikuwa uani anageuza karafuu kwenye majamvi, kwa sababu jua lilikuwa limeanza kukaa vizuri baada ya siku mbili za mawingu, na mimi nilikuwa namsikia akisoma kasida kwa sauti ya chini. Nilimjibu mama mdogo kwamba mama hajambo, hakuugua, na kwamba sikumwomba mtu yeyote fedha. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka kifua hunibana: "Lakini mwanangu, jina lako nimeliona kwa macho yangu."

Sote tunalijua jina alilolikusudia. Unapotuma fedha kwa simu, kabla hujaandika namba ya siri huoneshwa jina la mwenye laini ili uhakikishe kwamba hukukosea tarakimu, na tumezoea kulitegemea jina lile kama wazee wetu walivyotegemea mwandiko wa mtu au uso wake. Mama mdogo alikuwa amefanya kila tunachousiana kukifanya. Aliona namba ngeni, akaingiwa na shaka, akajiambia kwamba atajaribu kutuma ili aone ni nani. Yakatokea majina yangu matatu, langu na la baba na la babu, vile vile yalivyo katika kitambulisho. Shaka ikamtoka, akabonyeza. Kwa hiyo kilichomdanganya ni jina langu mwenyewe, na jambo hilo nimechukua takriban mwaka mzima kulielewa. Watu walionipa pole walinipa pole ya fedha, ilhali mimi sikupoteza hata senti moja.

Kufikia magharibi ya siku ya pili walikuwa watu saba. Mama mdogo, mke wa ami yangu aliyeko Konde, 100,000, mwalimu mwenzangu, 150,000, wanawake wawili wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Limbani, 80,000 kila mmoja, binamu yangu aliyeko Muscat, aliyemwagiza ndugu yake wa Chake Chake atoe 600,000 kwa niaba yake, na kijana niliyemsomesha darasa la sita, ambaye mwaka ule alikuwa akichuma karafuu za watu kwa ujira, akatuma 20,000. Jumla ni 1,080,000. Ujumbe waliopokea ulikuwa mmoja kwa wote, wenye salamu nzuri na maneno ya adabu: mama hawezi, ameanguka usiku, tunamvusha hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, simu yangu imeharibika kwa hiyo nawaandikia kwa namba hii, nisaidieni kwa chochote nami nitarejesha mshahara ukitoka. Aliyeuandika alichagua msimu ambao watu wa Pemba wana fedha mkononi, na alijua kwamba hakuna mtu wetu anayejadiliana na habari ya mgonjwa.

Siku ya tatu nilipanda gari kwenda Chake, kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Kijana wa dirishani, ambaye alinihudumia kwa upole na sitamsahau, alinitaka nipige *106#, ambayo ni njia ya kila mtu hapa nchini kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Zilitokea nne. Mbili nilizijua. Ya tatu ilikuwa haijawahi kutumika, na ya nne ndiyo iliyokuwa ikiomba fedha kwa jina langu. Aliponisomea tarehe iliyosajiliwa nilijikuta nasimama mahali pengine kabisa: chini ya mwavuli, miezi kumi kabla, mbele ya wakala aliyekuwa akinirejeshea laini yangu iliyopotea. Aliniambia mashine haisomi, nifute jasho. Nikafuta kidole kwenye buibui, nikabonyeza tena, na tena. Tangu usajili kwa alama za vidole uanze mwezi wa Mei mwaka 2019 tumekuwa tukitoa vidole vyetu kwa wepisi kama tunavyotoa mkono wa salamu, nami sikuhesabu mara ngapi nilibonyeza. Sasa najua kwamba kila mbonyezo mmoja ungeweza kuwa laini moja. Siwezi kusema kwa uhakika kwamba ni yeye, kwa kuwa shauri hilo limo mikononi mwa polisi, na yule kijana wa mwavuli sikumkuta tena.

Laini hizo mbili nisizozijua zilifungwa siku ile ile. Nilipata barua ya sheha, kiongozi wa mtaa wetu, nikaandikisha kituo cha polisi, nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu hapo kituoni, nikaituma namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, kama inavyoelekezwa. Kazi yote hiyo ilichukua siku mbili, nami niliifanya kwa utulivu uliowashangaza jamaa zangu. Nilipomaliza, nikarudi nyumbani, nikavua buibui, nikakaa kitandani, na mikono ikaanza kutetemeka.

Nataka nikae kidogo katika habari ya miezi iliyofuata, kwa sababu ndiyo isiyosemwa. Usingizi ulinipaa. Nikisinzia nilishtuka saa nane ya usiku nikiwa na hakika kwamba mtu mwingine amesajiliwa kwa jina langu, nikapiga *106# gizani, nikahesabu mbili, nikaweka simu chini, na baada ya nusu saa nikaipiga tena. Mlio wa ujumbe ulinikata tumbo. Chakula kilinishinda. Nilikuwa naingia darasani nikiwa na maneno ya somo kinywani, na katikati ya sentensi yakapotea, wanafunzi wakanitazama. Hasira nazo zilikuja kwa mlango usio wake: nilimfokea binti yangu kwa sababu ya ndoo ya maji iliyopinduka, kisha nikalia kuliko yeye.

Zaidi ya yote kulikuwa na fedheha. Nilijua kwa akili kwamba sikutenda kosa, lakini mwili haukuwa na habari hiyo. Kwetu sisi mtu husitirika kwa jina lake. Mimi sina mali. Nina miaka kumi na sita ya kushika daftari na ufunguo wa sanduku la kikundi cha wanawake, na katika miaka hiyo haikupotea hata shilingi mia mbili. Ule ndio utajiri wangu. Tapeli aliutumia kama mtu anayechota katika kisima cha mwenzake: kadiri kisima kilivyokuwa kirefu, ndivyo alivyochota zaidi. Mtu asiyeaminika angeombewa fedha kwa jina lake, watu wangelitazama jina lile na kuiweka simu chini. Walioibiwa waliibiwa kwa sababu walinipenda, na fikra hiyo ndiyo iliyonilaza na njaa. Nilifika mahali nikatamani laiti ningekuwa mtu mbaya kidogo, na hapo nilijua kwamba nimeanza kuumwa.

Kusema "si mimi" ni kuzito kuliko mtu anavyodhani. Neno hilo analisema mwizi na asiye mwizi kwa sauti moja. Nilipolisema mara ya kwanza niliaminiwa. Mara ya tatu nilijisikia mwenyewe kama mtu anayejitetea, nikaanza kuongeza maelezo yasiyoulizwa, na kila nilipoongeza niliona macho ya mtu yakihama kutoka usoni mwangu. Huenda hayakuhama. Kwa hali niliyokuwa nayo sikuweza tena kutofautisha. Basi nikaacha kwenda harusini, nikaacha kukaa barazani baada ya alasiri, na ufunguo wa sanduku nikaurudisha bila kuombwa. Niliudhania uamuzi huo kuwa ni uungwana. Ulikuwa ni kujificha, na watu wawili waliokuwa na shaka ndogo juu yangu waliiona shaka yao ikithibitika.

Dhana nayo ilinila. Tapeli alijua kwamba mama yuko Pemba, alijua nani ni mke wa ami na nani ni mwalimu mwenzangu, akamwita kila mmoja kwa jina linalomstahiki. Nilikuwa na hakika kwamba ni mtu wa ndani. Kwa wiki sita niliwapitia jamaa zangu mmoja mmoja akilini: nani ana shida ya fedha, nani alinisalimia kwa unyonge siku ya Ijumaa, nani alinunua simu mpya. Nilimshuku mpwa wangu ambaye hajawahi kunikosea katika umri wake wote, nikawa namjibu kwa mkato, na yeye akadhani amenifanyia ubaya asioujua. Baadaye binti yangu alinionesha kwamba kundi la ukoo wetu la WhatsApp, lenye watu zaidi ya mia mbili, lilikuwa na kiungo kilichosambazwa kwa ajili ya harusi, na mtu yeyote aliyekipata aliweza kuingia, akakaa kimya, akasoma namba zetu na namna tunavyoitana. Tulimkuta humo mtu asiyetambuliwa na yeyote. Nilimwendea mpwa wangu nikamwomba radhi, na aliposikia sababu alisikitika kwa ajili yangu kuliko kwa ajili yake. Aya ya Suratul Hujurat inayotukataza kudhaniana nilikuwa nikiisomesha watoto. Sikuwahi kuujua uzito wake mpaka siku ile.

Ami zangu walishauri ikasomwe Albadiri. Kwa wasiokuwa wa huku, ni kisomo cha dua juu ya mwizi, na watu wanakiogopa sana kwa kuwa inaaminika kwamba humfika aliyechukua na hata aliyekula pamoja naye bila kujua. Walikuwa na nia njema, na ubani ulikuwa umeshanunuliwa. Nilikataa, na hofu ya kumdhuru asiyehusika ilikuwa sehemu tu ya sababu. Niliogopa jambo ambalo nililiona aibu kulisema mbele yao: kwamba katika kila simu ya kila aliyeibiwa, aliyepokea fedha ameandikwa kwa majina yangu matatu, nami nilikuwa nimechoka kiasi cha kuamini kwamba kisomo kingelifuata jina. Mama ndiye aliyenielewa. Aliwaambia shemeji zake waturudishie ubani tufukizie nyumba, kisha akanipeleka kwa mwalimu wangu wa chuo cha Kurani nikasomewa dua ya utulivu na kuandikiwa kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kisha zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Nililinywa kombe lile lenye harufu ya zafarani na nikalala usiku mzima kwa mara ya kwanza, na simtaki mtu anieleze kwamba ni kwa sababu moja au nyingine.

Hospitali nilikwenda pia, wala sioni kwamba kimoja kinakizuia kingine. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba mwili wangu bado umesimama mlangoni kumlinda mtu aliyekwisha kuingia na kutoka, na kwamba kukaguakagua simu usiku kunauambia mwili kwamba hatari ingalipo. Alinipa mpango mwepisi: nipige *106# mara moja kwa wiki, siku ya Jumapili baada ya adhuhuri, tena mbele ya mtu mwingine, na siku nyingine zote simu ilale chumba cha pili. Alinipangia pia mtu wa ushauri nasaha, niliyemwona mara tano. Wiki ya kwanza ya mpango ule ilikuwa ngumu kuliko saumu. Wiki ya nne nilisahau Jumapili mpaka ikafika Jumatatu.

Sasa nije katika suala la kulipa, ambalo lilinitesa na ambalo huenda linamtesa mtu mwingine. Nilitaka kuwalipa wote saba. Nilimlipa mama mdogo, nikamlipa mke wa ami, na kijana yule mchuma karafuu nilimpelekea 20,000 zake mpaka kwao. Hapo jirani mmoja akanitamkia waziwazi kwamba alipaye ndiye aliyekula. Maneno yale yalinikata miguu. Nikamwendea imamu wetu, akanipambanulia kwa subira kwamba deni halinihusu kwa kuwa sikukopa, sikupokea na sikumtuma mtu, na kwamba nikitaka kumpa aliyepata hasara basi nimpe kwa jina la hisani, mbele ya mashahidi, nikisema kwamba ni hisani. Na afisa wa polisi aliyechukua maelezo yangu alinionesha kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, sheria inayotumika Bara na Zanzibar, ambacho kinakataza mtu kutumia kompyuta au simu kujifanya mtu mwingine, na kinaweka adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara tatu ya alichojipatia, kwa kutazama kipi ni kikubwa, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Tapeli hajakamatwa, na kwa hiyo kifungu hicho hakijanifaa mahakamani. Kilinifaa usiku. Mahali fulani palikuwa pameandikwa, kabla hata haijanitokea, kwamba jambo hili lina mkosa na kwamba mkosa ni yule aliyejifanya mimi. Nilikinakili kwa mkono wangu, nikakiweka ndani ya msahafu.

Kijana mchuma karafuu nataka nimtaje peke yake. Nilipomfikia alikataa fedha. Alisema yeye hakumtumia tapeli, alimtumia mwalimu wake ambaye mama yake hawezi, na kwamba nia ile haikupotea hata kama shilingi zimepotea. Nilikaa kwenye ukuta wa nyumba yao nikashindwa kusema kitu. Miezi mitatu nilikuwa nikiamini kwamba mapenzi ya watu ndiyo yaliyowadhuru, na huyu kijana ananiambia kwamba mapenzi yake anayo bado na hayana kasoro. Hatimaye alizipokea, nilipomwambia ni zawadi ya sikukuu, lakini alinitoa mahali ambapo daktari na imamu walikuwa wamenifikisha mlangoni tu.

Kuanzia hapo nilitembea. Nilikwenda kwa waliobaki, nyumba kwa nyumba, nikiwa na RB na karatasi ya kufungwa laini ndani ya mkoba, na kwa binamu aliyeko Muscat nilipiga simu ya video ili auone uso wangu na mama akiwa pembeni yangu. Sikwenda kujitetea. Nilikwenda kuwapa pole, kwa kuwa nilikuwa nimejishughulisha mno na jeraha langu hata nikasahau kwamba wao ndio waliotoa. Mwalimu mwenzangu alikuwa na aibu kuliko mimi. Alikuwa amemficha mumewe zile 150,000. Wanawake wawili wa kikundi walinirudishia ufunguo wa sanduku kikaoni, nami niliupokea kwa sharti kwamba ziwe funguo mbili na washikaji wawili. Mke wa ami hajarudi kuwa na mimi kama zamani. Ananijibu salamu, anapokea zawadi, na haniulizi tena habari za watoto. Nimeacha kumfuata.

Nyumbani tulikubaliana swali. Kila mtu wa kwetu anayeomba fedha au kutoa habari nzito kwa simu huulizwa jambo ambalo halikuandikwa popote na halimo katika picha yoyote. La mimi na mama linahusu siku moja ya utoto wangu kule shambani, na silitaji hapa. Mwanzoni liliniuma. Mama yangu mzazi, aliyenizaa na kuninyonyesha, alikuwa akinipigia na kuniuliza kabla ya salamu, kama askari wa bandarini, nami nikajibu huku koo limenikauka. Taratibu nilizoea, na nikagundua kwamba kila nikijibu, narudi kidogo siku ile ya shambani, na yeye pia anarudi.

Juzi usiku alinipigia kutoka Unguja alikokwenda kumtazama dada yangu aliyejifungua. Alianza moja kwa moja: mtoto ni mzima, ana nywele nyingi, wamemwadhinia. Alisema kwa dakika nzima bila ya kuniuliza kitu. Nilimsikiliza kwa furaha, kisha nikamkatiza.

"Mama," nikamwambia, "niulize kwanza."